Ukubwa wa Droni Huanzia Kwenye Picha

Vijana wanaojiundia droni zao wenyewe, zile za kurushwa kwa miwani ya video, huanza na swali moja: nichukue ya inchi ngapi? Wakishajibiwa ndipo huuliza la pili: na video nifunge ipi? Jioni hii nataka tuyageuze maswali hayo. Anayetaka kuruka mbali, kilomita 5, kilomita 10, avuke ghuba au azunguke kilima na kurudi salama, namwomba aanze na picha. Akishajua picha yake itasafirije na itarekodiwa wapi, ukubwa wa droni utajitokeza wenyewe, kwa sababu mambo haya mawili yamefungwa pamoja na kitu kimoja, nacho ni uzito.

Tuelewane kwanza kuhusu hizo inchi. Fundi akisema droni ya inchi 5 au ya inchi 7, hapimi fremu. Anapima propela, kutoka ncha hadi ncha. Na propela kubwa ina faida ambayo hesabu zake ni za zamani kuliko droni zenyewe. Propela ya inchi 7 inafagia eneo la hewa karibu mara mbili ya ile ya inchi 5. Inasukuma hewa nyingi polepole, badala ya kusukuma hewa kidogo kwa kasi, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kubaki angani. Kwa uzito uleule, ya inchi 7 inahitaji kama asilimia 71 tu ya nguvu inayohitajiwa na ya inchi 5 ili ielee mahali pamoja. Kwa hiyo wengi husikia hivyo wakakata shauri papo hapo: mbali ni inchi 7, basi.

Lakini sikiliza upande wa pili wa hesabu hiyo. Nguvu ya kubaki angani hupanda kwa kasi kuliko uzito unavyopanda. Chukua droni ya gramu 750 pamoja na betri yake. Sasa ibandike mgongoni kamera ya GoPro, ambayo matoleo yake ya miaka ya karibuni yana gramu 150 na kidogo. Umeongeza uzito kwa asilimia 20, lakini nguvu ya kuelea imepanda kwa asilimia 31. Karibu robo ya betri yako inakwenda kumbeba mpiga picha ambaye hakusaidii kuona njia. Ndiyo maana watu walihamia inchi 7: si kwa kupenda ukubwa, bali kwa sababu ilibidi kubeba kamera mbili. Moja ndogo puani ya kumwonyesha rubani njia kwa picha hafifu, na nyingine mgongoni ya kurekodi picha nzuri ya kuonyesha watu nyumbani.

Novemba 2022, kampuni ya DJI ilitoa mtambo wake wa O3, ambao kamera na kirusha picha kwa pamoja vina gramu 36 hivi, na unarekodi video ya 4K ndani yake wakati uleule unaporusha picha kwenye miwani. Hapo hesabu ikabadilika kabisa. Yule aliyelazimika kuunda droni ya inchi 7 kwa sababu ya gramu 150 za GoPro, sasa anaweza kuziacha chini. Anaweza kushuka hadi inchi 4, au akabaki na inchi 7 na kuzigeuza gramu hizo kuwa betri. Ni wazi kwamba uamuzi wa video ndio ulioamua ukubwa. Kama angekuwa ameshanunua fremu na mota kabla ya kufika hapo, angekuwa amenunua jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Sasa tuzame kwenye video yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotezea droni zao. Zipo njia mbili kubwa, analogi na dijitali. Nyinyi mliokuwa na televisheni za antena kabla ya mitambo ya zamani kuzimwa, Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, Kenya mwaka 2015, mnazijua njia hizi kuliko mnavyodhani. Antena ikigeuka kidogo, televisheni ya zamani ilijaa chenga. Sauti inakwaruza, sura ya mtangazaji inapauka, lakini unajua bado yupo, na unajua ugeuze antena upande gani. Kilipokuja king'amuzi, picha ikawa safi kama maji, mpaka mvua kubwa inaponyesha. Hapo inakatika vipandevipande, halafu inaganda.

Ukiwa sebuleni, tofauti hiyo ni kero tu. Ukiwa umevaa miwani na droni yako inakwenda kilomita 70 kwa saa, kila sekunde moja ambayo picha imeganda droni imekwenda mita 19. Rubani wa analogi huziona chenga zikiongezeka kidogo kidogo, hugeuza, na kadiri anavyorudi picha inamfungukia. Rubani wa dijitali anafurahia picha nzuri hadi ukingoni kabisa, na ukingo wenyewe ni mwembamba.

Nisieleweke kwamba naikataa dijitali. Picha ya dijitali inakuonyesha waya wa umeme, inakuonyesha tawi kavu la mbuyu lisilo na majani, vitu ambavyo kamera ya analogi huvimeza katika ukungu wake. Ukiruka mbali, hasa unapotafuta mahali pa kushukia kwa dharura, uwezo huo unaokoa chombo. Ninachosema ni kwamba anayechagua dijitali lazima ajifunze kusoma namba. Mitambo hii huandika pembeni mwa picha kiwango cha data kinachofika, megabiti kwa sekunde. Ni chenga zile zile, ila zimeandikwa kwa tarakimu. Zikianza kushuka, geuza wakati picha bado ni nzuri. Usingoje macho yakwambie, kwa sababu kwenye dijitali macho huambiwa mwisho.

Kuna wanaotaka kulimaliza tatizo kwa nguvu: nitanunua kirusha picha cha wati nzima, au wati mbili. Tuifanye hesabu hiyo pia. Ili ufike mbali mara mbili, unahitaji nguvu mara 4. Kutoka miliwati 25 hadi 100 umbali unakuwa mara mbili. Ukiutaka mara mbili tena ni miliwati 400. Ukiutaka mara mbili tena ni miliwati 1,600, na sasa una mtambo unaochemka, unaokula betri, na uliopita mbali kiwango kinachoruhusiwa na nchi nyingi bila leseni. Ulaya, kwa mfano, kwenye mawimbi ya gigahezi 5.8 yanayobeba picha hizi, ukomo ni miliwati 25. Mtambo huo wa moto ukikaa juani pale uwanjani Dodoma dakika chache kabla ya kuruka, bila upepo wa propela kuupoza, unaweza kujizima kabla hujaondoka chini.

Njia bora ni antena ya upande wako. Antena bapa inayoelekezwa upande mmoja, ikikuongezea desibeli 6 kwenye miwani, inakupa faida ileile ya kuzidisha nguvu mara 4, na haiongezi hata gramu moja kwenye droni. Ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha ziada, ningeiweka hapo. Ila hakikisha antena zote zimesokotwa upande mmoja. Zipo za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, na ukizichanganya unatupa sehemu kubwa ya mawimbi yako kabla hujaruka.

Na baada ya antena, mahali unaposimama. Hili naomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu halinunuliwi dukani. Tuseme droni yako iko kilomita 5 mbele, kimo cha mita 100. Unadhani iko juu sana, haizuiwi na kitu. Lakini mstari kutoka kwako hadi kwake umeinuka kidogo mno: kila ukienda mita 100 mbele, unapanda mita 2 tu. Kwa hiyo mwembe ulio mita 100 kutoka ulipoketi, ukizidi antena yako kwa mita 2, tayari umekaa katikati ya njia. Wala mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 10, katikati ya safari yanahitaji nafasi wazi ya mita 11 hivi kila upande wa mstari huo. Majani mabichi yaliyonyeshewa ni mabaya zaidi, kwa sababu maji hunyonya mawimbi hayo. Anayeruka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, bonde zima liko wazi chini yake, atafika mbali kwa miliwati chache kuliko mwenzake aliyeketi kwenye shamba la migomba na mtambo wa wati mbili.

Kwa sababu hiyo wengine hukimbilia mawimbi marefu ya gigahezi 1.3. Ni kweli, kwa antena zinazofanana yanafika mbali zaidi ya mara 4 kuliko ya 5.8. Lakini antena zake ni kubwa, hazikai vizuri kwenye droni ndogo, na kirusha picha chake kikiwa karibu na kipokezi cha GPS, ambacho husikiliza kwenye gigahezi 1.575, kinaweza kukiziba masikio. Tena eneo hilo la mawimbi hutumiwa na rada za safari za ndege. Kwa maoni yangu, mtu binafsi asiliguse bila kibali. Droni ya kujifurahisha haina haki ya kupiga kelele mahali ambapo waongoza ndege wanasikiliza.

Kuhusu mawimbi ya kuongozea, yale yanayotoka kwenye rimoti, nitakuwa mfupi, kwa kuwa hapa teknolojia imetuhurumia. Mfumo wa ExpressLRS, ambao programu yake iko wazi kwa kila mtu, unatumia aina ya mawimbi iitwayo LoRa, na kwa gigahezi 2.4 na miliwati 100 unafika mbali kuliko picha yako itakavyofika. Wapo wanaopendelea megahezi 915. Kwa hapa kwetu siwashauri. Simu zetu za GSM zinatumia megahezi 880 hadi 915 kuzungumza na minara, na minara hujibu kati ya 925 na 960. Utakuwa umejichomeka katikati ya soko la watu wengine. La muhimu ni hili: uongozi uishi muda mrefu kuliko picha. Picha ikikatika na uongozi ukabaki, bado una kidole kwenye swichi ya kurudisha droni nyumbani kwa GPS. Uongozi ukitangulia kukatika, unabaki mtazamaji.

Turudi kwenye ukubwa sasa, maana tuna kila kitu cha kuamulia. Zimebaki betri na upepo.

Droni za michezo hutumia betri za LiPo, ambazo hutoa umeme mwingi ghafla lakini hubeba nishati kidogo kwa uzito wake. Kwa safari ndefu watu hutumia seli za lithiamu za duara, ndugu za zile zilizomo kwenye tochi na kompyuta za zamani. Seli aina ya Molicel P42A ina gramu 70 hivi na miliampea-saa 4,200. Sita zikiunganishwa zinatoa takriban wati-saa 90, na pakiti nzima pamoja na nyaya ina gramu 450 hivi. Kwa uzito huohuo, LiPo za kawaida zingekupa kama theluthi mbili tu ya nishati hiyo. Lakini seli hizi hazipendi kuharakishwa. Ukizivuta umeme mwingi kwa pamoja, volti zinaporomoka. Zinataka droni inayosafiri kwa utulivu, propela kubwa, mota zisizo na pupa.

Ndiyo maana inchi 5, ambayo karibu kila mtu anayo, naiona haifai safari hii. Ni chombo cha kupinduka na kupiga mbizi. Mota zake zimeundwa ziwe na pupa, na ukiibebesha seli sita nzito inakuwa haina wepesi wa michezo wala utulivu wa safari. Inchi 10 nayo ni ya kubebea mizigo. Mikono yake mirefu hutetemeka, mitetemo hiyo huingia kwenye kamera na kwenye vihisio, na ikianguka juu ya mtu haianguki kwa upole. Yanabaki mawili: inchi 4 na inchi 7.

Ya inchi 4 yenye seli nne ndogo za duara, aina ya 18650, ina uzito wa gramu 350 hivi. Ni nafuu kuiunda, inaingia kwenye mkoba wa shule, na kwenye hewa tulivu inakaa angani muda wa kuridhisha sana. Adui yake ni upepo. Mtu wa Mwanza anayejua ziwa linavyobadilika mchana, au mtu wa Lamu katikati ya msimu wa kusi, hatakiwi kuambiwa zaidi. Chombo chepesi chenye mota ndogo kikikutana na upepo mkali usoni kinaweza kutumia betri yote kikiwa karibu mahali palepale.

Ya inchi 7 ina uzito na kasi ya kuukata upepo. Kwa pakiti niliyoitaja, ikisafiri kwa ampea 10 hivi, ina dakika 25 kwenye karatasi. Ukiacha akiba ya sehemu moja kwa tano, ni dakika 20. Kwa kilomita 70 kwa saa hizo ni kilomita 23 za jumla, kwenda na kurudi. Kwa hiyo mbali yako ni kilomita 10, na hapo hakuna upepo. Aliye Nairobi apunguze tena: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15, na droni ileile itahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 9 ili kuelea tu.

Nasisitiza namba hizi kwa sababu kuna ndoto inayouzwa. Vijana wanaona video za watu wanaovuka milima, kisha wanasikia kwamba mwaka 2018 droni ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, wakadhani propela nne zinatosha. Ile ya Ukerewe ilikuwa Wingcopter, katika mradi wa majaribio wa kampuni hiyo pamoja na DHL na GIZ. Ilikuwa na mabawa. Ilinyanyuka wima, kisha ikaegemea mabawa yake, na bawa hubeba uzito kwa nishati ndogo sana kuliko propela inayobeba kila gramu kila sekunde. Tena iliruka kwa vibali. Anayetaka kilomita 60 asitafute propela kubwa zaidi. Atafute bawa.

Vibali havina njia ya mkato. Kenya ina kanuni za vyombo hivi tangu mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, na Tanzania mtu anaanzia TCAA. Kuruka kupita upeo wa macho ni jambo la ruhusa maalumu, si haki ya mwenye miwani. Hifadhi za wanyama zina masharti yake juu ya hayo. Uliza kabla ya kununua mota, kwa sababu jibu utakalopata linaweza kukuamulia umbali, na umbali ukaamua kila kitu kingine.

Basi ningeunda nini? Kwa mtu wa pwani au wa kando ya ziwa, mwenye kibali, anayetaka picha nzuri: inchi 7, dijitali inayorekodi yenyewe, bila kamera ya mgongoni, seli sita za duara, antena bapa kwenye miwani, na GPS iliyoinuliwa mbali na kirusha picha. Kwa kijana wa bara mwenye fedha kidogo anayejifunza: inchi 4, analogi, aruke asubuhi kabla ya upepo. Chenga zitamfundisha mawimbi yanavyokwenda, kwa namna ambayo picha safi haitamfundisha. Kamera nzuri itakuja baadaye.

Na siku ya kwanza ya safari ndefu, yeyote kati yao afanye hivi. Asubiri GPS ishike setilaiti za kutosha kabla ya kuwasha mota, kwa sababu pale mota zinapowaka ndipo droni inapoandika nyumbani kwake. Ajaribu swichi ya kurudi nyumbani akiwa mita 200 tu, aione kwa macho ikigeuka na kuja. Awe na mwenzake asiyevaa miwani, anayetazama anga. Kisha aende akiukabili upepo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwa usoni, anakwenda kwa kilomita 50 na kurudi kwa 90. Akiupa mgongo wakati wa kwenda, kilomita 10 anazimaliza kwa dakika 7 tu, anajiona shujaa, halafu kurudi kunamchukua dakika 12 na betri imeshachoka. Aandike kwenye karatasi, kabla ya kuvaa miwani, volti atakayogeuzia, na ikifika hapo ageuze hata kama kile kilima kizuri kiko mbele yake nusu kilomita tu.